Mito ya Moshi Inapungua, Lakini Usiilaumu Theluji

Mtu akipanda Hiace ya Arusha katika stendi ya Moshi mwezi wa Februari, kabla masika haijaanza, atavuka mito mitatu kabla ya kufika Boma Ng'ombe: Karanga, Weruweru na Kikafu. Hatakosa abiria atakayechungulia dirishani, aone mawe mengi kuliko maji, kisha atoe hukumu ambayo gari zima litaiitikia: theluji ya Kilimanjaro inakwisha, ndiyo maana mito inakufa. Kauli hiyo imezoeleka kiasi kwamba inasikika misibani, katika mikutano ya vijiji na hata kwenye vipindi vya redio. Ina sehemu mbili, na kila sehemu ikitazamwa peke yake ni ya kweli, kwa kuwa barafu ya kileleni inapungua na mito mingi imepungua. Kosa liko katika neno linaloziunganisha, yaani hilo "ndiyo maana".

Kulifungua fundo hili kunahitaji kurudi nyuma na kuitazama historia ya mazingira ya Moshi Vijijini, wilaya inayoanzia kwenye vijiji vya juu vya Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema, Marangu na Mwika, ikateremka hadi tambarare za Mabogini, Kahe na Arusha Chini. Ninaposema historia ya mazingira sikusudii hesabu ya miti iliyokatwa. Nakusudia habari ya jinsi watu walivyoibadilisha ardhi, na jinsi ardhi hiyo nayo ilivyowalazimisha kubadilika.

Kwanza tuelewane juu ya maneno machache. Theluji ni ile inayoanguka kama pamba na huweza kutoweka baada ya siku moja au mbili. Barafu ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliana ikawa mwamba mweupe. Tunachokiona kikipungua mwaka hadi mwaka ni barafu, ingawa wote tunaiita theluji. Kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, lenye migomba, kahawa, miti na mifugo kuizunguka nyumba, na kwa kawaida ni mali ya ukoo inayorithiwa. Mfongo ni mfereji wa kuchimbwa unaochukua maji kutoka mtoni au kwenye chemchemi na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Porini, katika lugha ya watu wa huku, si lazima pawe na wanyama. Ni mashamba ya chini, kwenye joto, yanakolimwa mahindi na maharage na kukatwa nyasi za ng'ombe.

Barafu isiyogeuka maji

Tuanzie kileleni, maana huko ndiko mkanganyiko unakoanzia. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima huu mwaka 1848 na kuandika kwamba una theluji, baadhi ya wasomi wa Uingereza walimbishia kwa miaka mingi, wakiona haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Leo ubishi umegeuka, tunashindana kutabiri mwaka ambao haitakuwapo. Vipimo vinaonyesha kwamba mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kupungua huko kulianza hata kabla ya kipimo cha kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, wakati hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipogeuka kuwa kavu zaidi na theluji mpya ikawa haitoshi kufidia iliyopotea. Ongezeko la joto la dunia la miaka ya karibuni limekuta barafu ambayo tayari ilikuwa inakonda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni namna barafu hiyo inavyopotea. Kileleni hewa ni kavu mno na jua ni kali, kwa hiyo sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki ikawa maji ya kutiririka, bali inageuka mvuke moja kwa moja na kupeperushwa na upepo. Ukitaka kulielewa hili bila kupanda mlima, kumbuka vile vidonge vyeupe ambavyo mama zetu huweka kabatini kufukuza nondo. Kidonge kinapungua wiki hadi wiki mpaka kinatoweka, na bado shuka zilizokuwa chini yake hazilowani. Barafu ya Kibo, yaani kilele kikuu cha Kilimanjaro, inaondoka kwa namna hiyo kwa sehemu kubwa, na kidogo kinachoyeyuka hunywewa na mchanga wa volkano kabla hakijafika mbali.

Wapagazi wanalijua jambo hili kwa mabega yao. Kambi ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopita njia ya Machame inaitwa Barafu, na kambi hiyo haina maji. Maji ya kupikia na ya kunywa hubebwa kutoka bonde la Karanga, mwendo wa saa kadhaa chini yake. Kama barafu ingekuwa ndiyo inayoilisha mito ya Moshi, watu waliopiga hema karibu nayo namna hiyo wasingebebeana madumu kupandisha mlima.

Hata kwa hesabu ya ukubwa, jambo haliingii akilini. Kileleni mvua na theluji vikijumlishwa kwa mwaka havifiki milimita 200, wakati msitu wa upande wa kusini, kwenye mwinuko wa mita elfu mbili na kitu, hupata zaidi ya milimita 2,000. Barafu iliyobaki haifiki kilomita za mraba 2, na msitu una takriban 1,000. Watafiti waliochunguza vyanzo vya maji ya mlima wanakubaliana kwamba karibu maji yote yanayotufikia, ya mtoni na ya chemchemini, ni ya mvua na ukungu ulionaswa na mkanda wa msitu.

Paa la nyasi

Kazi ya msitu huo inaeleweka vizuri kwa yeyote aliyewahi kulala kwenye nyumba ya nyasi. Mvua ikinyesha juu ya bati, maji yanashuka kwa kishindo na mvua ikikatika nayo yanakatika. Ikinyesha juu ya nyasi, paa linaendelea kudondosha matone taratibu muda mrefu baada ya jua kutoka. Msitu ni paa la nyasi la mlima. Udongo wake umejaa majani yaliyooza na mizizi, kwa hiyo unayapokea maji ya Aprili na kuyaachia kidogo kidogo hadi Septemba, na mengine yanazama miambani na kuibuka miaka kadhaa baadaye kwenye chemchemi za tambarare. Msitu wa Rau, unaopakana na mji wa Moshi na wenye mivule mikubwa ya kushangaza, umesimama mahali ambapo mvua peke yake isingeweza kuulisha, na unaishi kwa maji ya chini ya ardhi yaliyoteremka kutoka juu.

Sehemu ya juu ya msitu ina kazi ya ziada ambayo haionekani kwa macho ya mpita njia. Huko ukungu hukaa siku nyingi za mwaka hata pasiponyesha, na miti iliyofunikwa na zile nyuzi za kijani zinazoning'inia kama ndevu huukamata ukungu huo na kuudondosha kama maji. Mti mrefu unanasa mwingi, na kichaka kifupi kinanasa kidogo. Kwa sababu hiyo moto wa mlimani una hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa. Oktoba 2020 moto uliwaka huko juu kwa zaidi ya wiki moja, na Oktoba 2022 ukazuka mwingine. Mara zote watu wa chini walitazama moshi wakasema kwamba ni nyasi na vichaka tu vinavyoungua, si msitu wenyewe. Lakini moto ukirudi mara kwa mara, miti ya mpakani haipati nafasi ya kurefuka tena, na ukingo wa juu wa msitu unashuka. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2016 ilikadiria kwamba moto umeangamiza hekta 13,000 za msitu wa Kilimanjaro tangu mwaka 1976, na kwamba hasara hiyo ni sawa na maji ya kunywa ya watu milioni moja kwa mwaka.

Niongeze tahadhari moja, kwa sababu hoja hii nayo huzaa uzushi wake. Si kila mti unaleta maji. Mti nao unakunywa, na mingine inakunywa kwa pupa. Mkaratusi uliopandwa kando ya chemchemi kwa nia njema ya kuhifadhi mazingira unaweza kuikausha chemchemi yenyewe, na nimewahi kuona watu wakipiga picha ya upandaji miti wa namna hiyo kwa furaha kubwa. Swali la maana ni mti gani unapandwa, na unapandwa wapi.

Kihamba si msitu, wala si cha asili

Mgeni anayepanda kutoka Moshi kwenda Kibosho au Marangu huona kijani kimetanda pande zote akadhani ameingia msituni. Hajaingia bado. Kuanzia mwinuko wa mita 900 hivi hadi karibu 1,900 anapita katikati ya vihamba, na vihamba vilikuwa msitu ambao mababu zetu waliufyeka kwa karne kadhaa. Hapa ndipo panapohitaji unyoofu. Tunapenda kusimulia kwamba wazee waliishi na msitu bila kuudhuru mpaka walipokuja wakoloni. Ukweli ni kwamba waliuondoa msitu wa ukanda wa kati karibu wote, na mabaki yake leo yanaonekana kwenye makorongo yenye miteremko mikali isiyolimika. Walichokifanya cha pekee ni kwamba mahali pake waliweka kitu kinachoiga tabia za msitu.

Juu kabisa waliacha miti mikubwa, kama mringaringa kwa kivuli na mbao, na msesewe ambao gome lake linatia uchungu kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Chini ya miti ikaja migomba, chini ya migomba vichaka na baadaye kahawa, na chini kabisa magimbi, viazi vikuu na mboga. Masale yakapandwa mpakani, na ukoo usingeyang'oa bila kutafuta ugomvi mkubwa. Ng'ombe na mbuzi wakafungiwa zizini, wakaletewa nyasi na majani ya mgomba, na mbolea yao ikarudi kwenye shina la mgomba. Ni mzunguko unaofanana na wa sufuria la nyumbani, ambapo kinachobaki leo kinaongezewa kesho bila kutupwa. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya mlima huu, na mwaka 2011 kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Ajabu ni kwamba karibu kila mkazi wa kihamba hicho tunachokiita cha asili ni mhamiaji. Mgomba asili yake ni Asia. Mahindi, maharage na parachichi vilitoka Amerika. Kahawa ni ya Ethiopia na ilifika huku na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mgrevilea, ambao siku hizi ndio mti wa kwanza kuuona ukitazama mpaka wa shamba, ulitoka Australia. Kwa hiyo mtu anayetaka tukirudishe kihamba kama kilivyokuwa lazima aseme anakusudia mwaka gani, kwa maana kila kizazi kiliingiza kitu chake na kuondoa kingine.

Mfongo na wenyewe

Migomba inahitaji maji hata miezi isiyo na mvua, na zamani ulezi wa mbege ulilimwa kiangazi kwenye miteremko ya chini kwa kumwagiliwa. Mifongo ilizaliwa kutokana na haja hiyo. Wasafiri wa karne ya 19 waliikuta tayari imeenea mlima mzima, mamia kwa mamia, na wakashangaa kwamba watu wasio na vyombo vya kupimia waliweza kuyalaza maji kwenye ukingo wa korongo kwa maili kadhaa bila kuyapoteza. Kipimo chao kilikuwa maji yenyewe. Walichimba kidogo, wakaacha maji yatangulie, wakatazama yanavyokwenda, wakachimba tena. Penye ufa walitandika magogo yaliyochongwa katikati ili maji yavuke.

Kilichoufanya mfongo udumu, hata hivyo, kilikuwa taratibu zake kuliko uhandisi wake. Ukoo uliochimba ndio uliokuwa mwenye mfongo, na mzee wake ndiye aliyegawa zamu. Mbiu ikipigwa, kila mwenye zamu alitakiwa kufika kwenye msaragambo wa kuzoa tope na kuziba palipobomoka, na asiyefika alitozwa faini au alikosa maji. Maji ya usiku yalikusanywa kwenye bwawa dogo liitwalo nduwa ili asubuhi yawe na nguvu ya kufika mbali. Juu ya wazee wa mifongo alikuwapo mangi, yaani chifu wa Kichagga, aliyesuluhisha ugomvi uliowashinda. Utawala wa wamangi ulipofutwa mara baada ya uhuru, madaraka hayo yaligawanyika kati ya serikali za vijiji, halmashauri na baadaye ofisi ya bonde la mto Pangani, na katika mgawanyo huo mambo mengi yaliyokuwa yanajulikana ni ya nani yakawa ya kila mtu, yaani hayana mwenyewe.

Hapa ndipo lilipo shitaka kongwe dhidi ya mifongo: kwamba inapoteza maji. Mfereji wa udongo unavuja, hilo halina ubishi, na katika baadhi ya mifongo anayekaa mwisho hupata sehemu ndogo tu ya kilichoingia kwenye banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Lakini neno "kupotea" linategemea umesimama wapi. Maji yanayovuja kwenye kihamba cha juu yanainywesha migomba na miti ya njiani, na mengine yanazama na kutokea kwenye chemchemi ya jirani wa chini. Mhandisi anayehesabu maji yanayofika kwenye mashine za umeme atasema yamepotea, na bibi anayechota kwenye chemchemi ile atasema yamefika. Kinachopotea kweli ni yale yanayogeuka mvuke na yale yanayomwagika njiani kwa sababu hakuna aliyekwenda kwenye msaragambo.

Kahawa ilipokuja na ilipoondoka

Kahawa ndiyo iliyoigeuza wilaya hii kuliko kitu kingine chochote cha karne ya 20. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi wakati wa Wajerumani, kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita Waingereza, hasa Charles Dundas aliyekuwa ofisa wao hapa, waliwahimiza Wachagga kulima kahawa licha ya walowezi kulalamika. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, ambacho Joseph Merinyo alikuwa kiongozi wake, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Mabadiliko ya kimazingira yalikuja kimyakimya. Kahawa iliingia vizuri chini ya kivuli cha mgomba, kwa hiyo haikukifuta kihamba, ila ilikifanya kitamaniwe. Ardhi iliyokuwa wazi kati ya himaya moja na nyingine, ambako mifugo ililishwa, ikapandwa mibuni. Ulezi wa kumwagiliwa ukapungua, mahindi yakasogea porini, na maji ya mifongo yakaanza kugombewa na zao linalolipa ada ya shule.

Kulikuwa na gharama ya kimya pia. Ili kuzuia magonjwa ya kutu ya majani na chulebuni, mibuni ilipigwa dawa zenye shaba, za jamii ya mrututu, mwaka baada ya mwaka kwa miongo kadhaa, na shaba haiozi. Udongo wa mashamba ya kahawa ya zamani bado unayo.

Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yakavunjika, na bei ikaanguka. Mkulima ambaye debe la kahawa halimlipi tena bei ya dawa alifanya hesabu ambayo yeyote kati yetu angeifanya: aling'oa mibuni, akapanda mahindi, nyanya au mboga za sokoni. Nyanya haitaki kivuli, na mringaringa ni mbao. Miti ya kihamba ilikatwa kwa wingi katika miaka hiyo bila mwekezaji wala mkoloni kuhusika, mti mmoja mmoja, kila mmoja kwa sababu inayoeleweka. Wanaosema kwamba wakulima wanaharibu mazingira kwa kukosa elimu wajiulize ni elimu gani ingemfanya mtu aitunze miti ya kivuli ya zao lililokufa.

Chini, porini

Tambarare ina historia yake, na ndiyo inayomaliza kueleza kwa nini maji ya mlima hayawatoshi wanaoyasubiri chini. Shamba kubwa la miwa la Arusha Chini, TPC, lilianzishwa miaka ya 1930 na linategemea maji ya mlima. Katika miaka ya 1960 likajengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambapo maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana na kuhifadhiwa kabla ya kuendelea kuzungusha mitambo ya umeme bwawani hapo na huko Hale na Pangani. Tangu hapo kila ndoo inayotumika Kibosho ina mtu mwingine anayeisubiri mbali kabisa na Kibosho.

Mfano unaofundisha zaidi ni mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987 katika vijiji kama Mabogini na Chekereni. Mpunga ulistawi ajabu, na kufaulu kwake ndiko kulikouponza mradi. Wakulima waliokuwa juu ya banio, nje ya mradi, waliona jirani zao wanavyovuna, wakachimba mifereji yao na kulima mpunga vilevile. Maji yakaishia kwao, na mashamba yaliyojengewa mifereji ya saruji yakakosa maji. Hakuna aliyeiba kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Kila mmoja alichota kwenye mto uliopita mbele ya shamba lake. Sheria inasema maji ni mali ya umma na matumizi yake yanahitaji kibali, na mkulima anajibu kwamba babu yake alichimba mfongo kabla serikali yoyote haijafika. Nionavyo mimi, wote wawili wana hoja, na ndiyo maana ugomvi huu hautatuliwi kwa kuwatuma askari kwenye banio.

Nusu maili

Kati ya vihamba na hifadhi kuna mkanda ambao vijana wengi wanausikia bila kujua ulitoka wapi. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliufanya msitu wa mlima kuwa hifadhi, na watu waliokuwa wakiingia humo kwa kuni, nguzo na majani ya ng'ombe wakajikuta wahalifu. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa upana wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, kwenye ukingo wa chini wa msitu, ili wenyeji wapate mahitaji hayo chini ya usimamizi wa serikali yao ya Kichagga, na sehemu zake zikapandwa miti. Wazo lilikuwa kwamba jirani mwenye mlango wake mwenyewe hana haja ya kuruka ukuta. Wamangi walipoondoka, usimamizi wa nusu maili ulihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na uvunaji ukazidi upandaji. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, ikilinda hasa eneo la juu ya msitu, na mwaka 2005 mipaka yake ikapanuliwa kuuchukua msitu.

Matokeo yake yana pande mbili. Ukataji mkubwa wa magogo, uliokuwa umefikia kiwango cha kutisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipungua sana. Wakati huohuo mzigo wa kuzuiwa uliangukia kichwani mwa mwanamke wa kijiji cha juu anayehitaji kuni leo na majani ya ng'ombe kesho. Akizuiwa kule, anatafuta kihambani, na kihamba alichonacho ni kidogo kuliko cha mama mkwe wake.

Udogo huo hauwezi kuachwa nje ya hesabu. Sensa ya 1967 iliwakuta watu zaidi ya laki sita katika mkoa wa Kilimanjaro. Ya mwaka 2022 iliwakuta 1,861,934. Katika Moshi Vijijini peke yake, sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 466,000. Kwa mila, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio walioangaliwa zaidi katika urithi, na wa katikati walipewa ardhi mpya. Ardhi mpya ilipokwisha, wengine waliteremka porini, wengine wakahamia mijini, na vihamba vilivyobaki vikakatwa vipande. Kuna kihamba cha robo ekari ambacho nusu yake ni nyumba nzuri ya mtoto aliyeko Dar es Salaam, inayofunguliwa Desemba na kufungwa Januari. Nyumba hiyo haina ng'ombe, kwa hiyo haina mbolea, na bati lake linamwaga mvua yote ya Aprili barabarani kwa dakika chache. Mwenyewe hutuma mchango wa harusi na wa kanisa kwa uaminifu, ila msaragambo wa mfongo hautumiwi kwa simu.

Siku hizi jibu linalopendwa ni saruji. Mifongo inajengewa kuta, na mingine inageuzwa mabomba, ili anayekaa mwisho naye apate. Kwa wa mwisho ni ukombozi, na sina sababu ya kumnyima. Ila kabla ya kumwaga zege inafaa mtu atembee kwa miguu chini ya mfongo wa udongo wakati wa kiangazi, ahesabu chemchemi ndogo na migomba iliyosimama kwa sababu mfereji wa juu unavuja, kisha awaulize wenyewe wa migomba hiyo kama walialikwa kwenye mkutano uliopitisha saruji.